Jinsi ya kufuatilia historia ya kwenu enzi za Mjerumani: anza na mahame (sehemu zilizokuwa na vijiji vikaachwa) na njaa, vita vije baadae

Watu wengi wakitaka kujua ukoloni ulifanya nini kwao wanaanza na vita. Wanasoma Maji Maji 1905 mpaka 1907, Kinjikitile na dawa yake ya maji, maji hayakuzuia risasi, tukapigwa, basi. Hiyo ndo historia tuliyofanyia mtihani, na mtu anaweza kuijua yote akabaki hajui kwanini kijiji cha bibi yake kipo hapo kilipo, kwanini ng'ambo ya mto ni pori tupu wakati wazee wanasema zamani kulikuwa na watu, au kwanini ukoo wao umegawanyika nusu Liwale nusu Kilwa na hawajuani. Mi nashauri ugeuze. Anza na ardhi, alafu njaa, alafu vita utavikuta njiani na vitakuwa na maana.

Nitaongelea zaidi kusini mwa Tanzania, Kilwa, Liwale, Lindi, Songea, maana huko ndo nakojua vizuri, lakini njia yenyewe unaweza kuitumia hata kama kwenu ni Kalenga au Old Moshi.

Kwanza chagua sehemu ndogo. Usiseme unataka kujua historia ya ukoloni Afrika, hutamaliza na hutaanza. Chagua kijiji kimoja, au mto mmoja, au ukoo wenu kwa vizazi vinne. Chukua daftari, andika juu kabisa swali moja tu, kwa mfano nani alikuwa anakaa hapa kabla yetu na alienda wapi. Hilo swali moja litakupeleka mbali kuliko unavyofikiri.

Na hapo hapo jiandae kwa jambo moja ambalo linawasumbua watu wengi: kabla ya Mjerumani hapakuwa peponi. Wangoni wenyewe wa Songea walitoka kusini kabisa huko kwa Wazulu, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, walipofika huku wakawatawala watu waliowakuta, Wandendeule na wengine. Kilwa Kivinje karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa sana ya kuuzia watumwa, na misafara iliyokuwa inashuka kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa inapita kwenye vijiji vya watu. Na hata pwani yenyewe mgeni wa kwanza kuja na mizinga hakuwa Mjerumani, Wareno waliivamia Kilwa Kisiwani mwaka 1505, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifia uzuri. Nasema haya kwasababu ukienda kwa wazee ukiwa umeshaamua nani mwema nani mbaya watakwambia unachotaka kusikia, na hiyo sio historia tena. Ukatili wa mkoloni haupungui hata kidogo kwa wewe kukubali kwamba na sisi tulikuwa na mambo yetu.

Wazee

Hapa fanya haraka, na nina sababu ya hesabu kabisa. Mzee mwenye miaka 80 leo amezaliwa katikati ya miaka ya 1940. Bibi au babu aliyemlea anaweza kuwa alizaliwa miaka ya 1890, yaani wakati wa vita alikuwa mtoto anayeelewa kila kitu, amekimbia porini mgongoni au kwa miguu yake. Kwa hiyo huyo mzee alisikia kwa mdomo wa mtu aliyekuwepo. Akiondoka, wewe utabaki na mtu aliyesikia kwa mtu aliyesikia, na ladha inapotea.

Ukifika usitoe simu kwanza. Shikamoo babu, shikamoo bibi, kaa chini, jieleze wewe ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, ukoo gani, maana mzee hawezi kukupa habari za watu kama hajajua anampa nani. Beba sukari, sabuni, kitu kidogo, sio kama malipo, ni adabu tu. Kama lugha ya kwao unaijua itumie hata kama unababaika, na kama huijui nenda na mtu anayeijua, kuna mambo mzee akiyasema kwa Kingindo au Kimatumbi yanatoka yenyewe, ukimlazimisha Kiswahili anafupisha. Ukishakaribishwa ndo uombe ruhusa ya kurekodi na akikataa usirekodi, sikiliza, ukitoka ndo uandike.

Usiulize "vita vya Maji Maji vilikuwaje?" Ukiuliza hivyo atakujibu alichosikia redioni. Uliza hapa kabla yenu alikuwa anakaa nani, nyie mlitokea wapi na kilichowatoa ni nini. Uliza njaa. Njaa ndo ufunguo, mzee anaweza kusahau jina la mkuu wa boma lakini hasahau bibi yake alimwambia walikula nini. Kusini utasikia ming'oko, ile mizizi inayochimbwa porini ambayo mpaka leo Lindi na Mtwara watu wanachemsha wanauza, utasikia na ndiga, ambayo ina sumu na lazima iloweshwe majini siku kadhaa ndo iliwe. Mzee akikueleza hatua kwa hatua jinsi ya kuitoa ndiga sumu, muulize nani alimfundisha na huyo aliyemfundisha alikuwa anaila mwaka gani wa shida. Hapo unaingia kwenye historia bila kubisha hodi.

Kwanini nakazania njaa? Kwasababu vita vyenyewe havikuua watu wengi kama kilichofuata. Gavana alikuwa Gustav Adolf von Götzen, na majeshi yake yalipoona watu wanarudi msituni na kupigana kidogo kidogo yakaamua kuchoma vijiji, kuchukua akiba ya mtama na kuharibu mashamba ili watu waishiwe nguvu wajisalimishe. Njaa ilitumika kama silaha, kwa makusudi. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kama 75,000, wanahistoria waliokuja kuhoji na kuhesabu baadae wakasema 250,000 mpaka 300,000. Upande wa Mjerumani walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389 waliokuwa wanampigania. Ziweke hizo namba pembeni ya kile ulichosikia kwa bibi kuhusu ndiga na utaona zinazungumza kitu kimoja.

Kitu kingine cha kuuliza ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vibaya sana kati ya 1878 na 1882, leo ni watani, kwenye msiba mtani anakuja anafanya vituko na hakuna anayekasirika. Utani mwingi una vita au njaa au safari nyuma yake. Muulize mzee watani wenu ni nani na ulianzaje, mara nyingi atacheka alafu atakupa habari ambayo hukuitegemea.

Mahame

Sasa toka uende shambani na porini, na huyo mzee kama ana nguvu au na kijana anayewinda nyuki, hao wanajua pori kuliko mtu yeyote. Tafuta mahame. Dalili zipo wazi ukishafundishwa kuona: miembe mikubwa katikati ya msitu ambapo hamna nyumba hata moja, vigae vya vyungu vinavyotokeza mvua ikinyesha, mawe matatu ya jiko, makaburi, mawe ya kusagia. Kila mahali andika jina, maana hata kijito kidogo kina jina na jina huwa la mtu aliyekaa hapo.

Hapa ndo kuna mtego mkubwa na nataka uutulie. Kusini watu wamehamishwa zaidi ya mara moja na wazee wanapokwambia "tulihamishwa" wanaweza kumaanisha tukio lolote kati ya matatu. La kwanza ni la vita na njaa ya 1905 mpaka 1907, watu walikimbia, wengine wakafa, vijiji vikabaki mahame, pori likarudi na tembo na mbung'o wakarudi nalo. La pili ni la Mwingereza miaka ya 1940, hasa upande wa Liwale, serikali iliwatoa watu wakaacha vijiji vyao kwa sababu iliyotajwa ya malale, na eneo walilotoka likaingizwa kwenye pori la akiba la Selous. La tatu sio la mkoloni kabisa, ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali yetu wenyewe. Ukichanganya hayo matatu utaandika uongo bila kukusudia. Kwa hiyo muulize mzee: aliyewatoa alikuwa anavaa nini, alikuja na gari au kwa miguu, mlibebwa kwenye lori? Wewe ulikuwa umezaliwa? Nyumba zilichomwa? Mlipewa sababu gani? Lori na mwenyekiti wa TANU ni Operesheni, bwana shauri Mzungu na dawa za malale ni Mwingereza, na kama jibu ni "bibi alisema walikimbia usiku" basi umeshuka mpaka kwa Mjerumani.

Na uangalie mlolongo. Bila vita vya 1905 lile pori lisingekuwa tupu kiasi kile, bila utupu mbung'o wasingetawala, bila mbung'o Mwingereza asingekuwa na sababu ya kuwatoa waliobaki. Selous ilikuja kuwa na zaidi ya kilomita za mraba 50,000, ikaingia urithi wa dunia mwaka 1982, ikabaki na jina la Frederick Selous, mwindaji na mwanajeshi wa Kiingereza aliyeuawa Beho Beho mwaka 1917, mpaka 2019 sehemu kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii wanaambiwa ni pori lisiloguswa na binadamu. Limeguswa, kuna miembe ya watu humo ndani na wajukuu wao wapo Liwale wanaishi. Hili linaniuma kwa kweli, kwasababu pori hilo limetengenezwa na njaa na amri, alafu linauzwa kama asili.

(Ukienda maeneo ya hifadhi usiingie kienyeji, omba kibali. Mahame mengine yapo nje ya mipaka na yanatosha kabisa kujifunzia.)

Kilichowachosha watu mpaka wakanyanyua silaha

Hii sehemu inapatikana kirahisi kwenye vitabu kwa hiyo napita haraka, ila ukiwa na daftari la wazee mkononi isome upya. Kodi ya nyumba ilianza 1898. Kuanzia 1902 likaja shamba la pamba la pamoja, kila jumbe (mkuu wa kijiji) na shamba lake na watu wake wanalima siku zilizopangwa, na upande wa Dar es Salaam mwaka wa kwanza mgawo wa mlimaji ukawa senti 35, wapo waliokataa hata kuzipokea. Waliokuwa wanasimamia na kuchapa viboko wengi walikuwa maakida waliotoka pwani, Waswahili na Waarabu, sisi sisi. Ndo maana Julai 1905 pale Nandete, milima ya Matumbi, watu walianza kwa kung'oa mipamba. Hawakuanza kwa kuua mtu, waling'oa zao. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndo kwanza vinaanza.

Na tafadhali usiyacheke yale maji. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wazaramo, Wambunga, Wangoni hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, na ndani ya miezi michache walikuwa kwenye vita vimoja. Dawa ilifanya kazi hiyo ya kuwaunganisha, na mtu akikwambia ilikuwa ujinga muulize angetumia nini yeye kuwaunganisha watu wale bila redio wala gazeti.

Makaratasi

Ukishakuwa na majina ya mahali na ya watu ndo uende kwenye nyaraka, usiende mikono mitupu maana utazama. Nyaraka za Taifa zipo Dar es Salaam na zina mafaili ya serikali ya Mjerumani, yenye herufi G mbele ya namba. Tatizo ni mwandiko, Mjerumani wa zamani aliandika kwa mkono mwandiko unaoitwa Kurrent ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Kuna programu kama Transkribus zinajaribu kuubadilisha uwe maandishi ya kawaida, alafu ndo utafute tafsiri. Inakosea hasa majina ya kwetu, kwa hiyo jina lolote la mahali liangalie kwa macho yako na ulitamke kwa sauti, utalitambua. Bundesarchiv huko Berlin nao wameskani mafaili mengi ya wizara yao ya makoloni, kundi linaitwa R 1001, yanafunguka bure mtandaoni, bando lako tu.

Mwingereza kwa upande wake alikuwa na kitabu cha kila wilaya ambamo DC (mkuu wa wilaya) anaandika koo, mipaka, machifu, mila. Vina utajiri sana ila visome kwa tahadhari. Mwaka 1926 gavana Cameron alileta sheria ya kutawala kupitia wenyeji, kwa hiyo DC alikuwa anatafuta "kabila" na "chifu" hata pale ambapo hapakuwa na chifu, na kila ukoo ukajua kwamba simulizi yake ndo itaamua nani anapata cheo na mshahara. Ukikuta ukoo fulani umeandikwa wao ndo wa kwanza kufika, jiulize nani alikuwa anaongea na DC siku hiyo.

Hivyo hivyo kwa faili la Mjerumani. Likisema "waasi 40 wameadhibiwa" uliza walikuwa nani, waliadhibiwaje, na kwanini majina ya askari wao yapo na ya hao 40 hayapo. Likilalamika kwamba watu wa kijiji fulani hawaleti kodi, basi umejua kijiji kilikuwepo mwaka huo na kilikuwa kinakaidi. Karatasi ya adui inasema ukweli mwingi pale ambapo haikukusudia.

Usisahau maandishi ya watu wetu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hivi, kabla yake Hemedi bin Abdallah alitunga wa Wadachi (ndo Wajerumani) kuichukua Mrima, yaani pwani. Walikuwa watu wa pwani, wana jicho la pwani, kwa hiyo usitegemee wamuone mtu wa bara kama yeye anavyojiona. Na 1968 mpaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kuhoji wazee makwao, wazee ambao wengine walikuwepo vitani kabisa. Kama eneo lako lilifikiwa na hao wanafunzi una bahati kubwa, tafuta zile ripoti kabla ya kitu kingine chochote. Misheni nazo zina kumbukumbu, Peramiho, Ndanda, Masasi, andika barua uombe.

Makumbusho na vilivyobebwa

Songea kuna Makumbusho ya Maji Maji, na kila tarehe 27 Februari kuna kumbukumbu ya viongozi wa Kingoni walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Utaambiwa 67, na kati yao mwanamke mmoja, Nkomanile. Nenda siku hiyo hiyo kama unaweza, maana wazee wa koo mbalimbali wanakuwa wamekusanyika sehemu moja na safari moja inakupa mazungumzo ya mwezi mzima. Kilwa Kivinje omba uoneshwe Mwembe Kinyonga, inapokumbukwa alipotundikwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji, utajua kwamba kusini ilikuwa imeshaanza kukataa zamani.

Alafu kuna vitu ambavyo havipo huku. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, ilichimbwa 1909 mpaka 1913, ikabebwa vichwani mpaka bandarini na watu wa maeneo ambayo yametoka kwenye njaa juzi tu, leo imesimamishwa Berlin. Na kuna watu wenyewe. Kichwa cha Mkwawa, chifu wa Wahehe, kilirudi Kalenga mwaka 1954, baada ya kutajwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles. Cha Mangi Meli, chifu wa Wachaga aliyenyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 familia bado inatafuta, cha Nduna (kiongozi wa vita wa Kingoni) Songea Mbano pia. Berlin peke yake kulikuwa na mkusanyiko wenye mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Mjerumani, mengi ya Rwanda, mengine ya kwetu. Mwaka 2023 vipimo vya DNA vilionesha mafuvu matatu yana ndugu wa damu walio hai Kilimanjaro, moja likiwa la akida wa Mangi Meli. Novemba mwaka huo huo rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Nduna Songea.

Kwa hiyo kama kwenu kuna simulizi kwamba babu fulani alikatwa kichwa au alichukuliwa, usiichukulie kama hadithi ya jioni. Andika jina lake lote na majina mengine aliyoitwa, cheo, mahali alipokamatwa na alipouawa, nani alikuwa mkuu wa boma kama linajulikana, kaburi lipo au la na lina nini ndani. Andika mlolongo wa watoto wake mpaka walio hai, hasa mlolongo usiokatika wa baba kwa mtoto wa kiume, na wa mama kwa mtoto wa kike kwa upande wa dada zake, kwasababu DNA inahitaji mtu wa damu, na wale wa Kilimanjaro waliweza kwa kuwa ndugu wa damu walikuwepo. Andika nani amesimulia na alisikia kwa nani, tarehe na kijiji. Rekodi za sauti weka sehemu mbili tofauti, simu inaibiwa. Sehemu za matambiko usiziweke mtandaoni hata kama picha imetoka vizuri. Nakala moja wapelekee wenye simulizi kabla hujampa mtu mwingine yeyote, wakikubali ndo muende wote pamoja Makumbusho ya Taifa, mkiwa na mzee wa ukoo mbele.